Baba alianza kuumwa usingizini kabla mkono haujatetema: Parkinson, mwendo na usiku wetu Pemba

#1 MwanaWaKonde

Assalaam alaykum wana jamvi.

Humu nimesoma nyuzi nyingi za sukari na presha, lakini ya Parkinson inayozungumzia usiku sijaiona. Baba yangu anaumwa maradhi haya ya ubongo yanayoufanya mwili uwe mzito, ukakamae na kutetema, huu mwaka wa sita tangu daktari ayataje kwa jina. Tupo Pemba, upande wa Konde. Kilichotutesa nyumbani kuliko chochote si mkono kutetema, ni usiku. Na usiku huo tuliuharibu wenyewe mchana kweupe, kwa mapenzi na heshima. Naandika kwa sababu naona nyumba nyingi zinafanya tuliyoyafanya sisi.

Baba ni mtu wa karafuu toka utotoni. Dalili ya mwanzo aliisema mwenyewe na hakuna aliyeielewa. Ilikuwa vuno, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi uwanja mzima, mpita njia anazisikia kabla hajazifikia. Baba akachota kiganja kimoja, akasogeza puani, akakaa nacho muda. Akasema, "Karafuu za mwaka huu hazinuki." Mama akamwambia ana mafua. Msimu uliofuata akasema vilevile, na mafua hana. Miaka ikapita. Siku daktari wa Unguja alipomuuliza, "Mzee, harufu unaisikia?" mimi na mama tukaangaliana tu.

Jengine lilikuwa la chumbani, na mama alilificha. Baba mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia sauti, lakini akilala anapigana. Anarusha ngumi, anapiga teke ukutani, anapiga ukelele "Mshikeni! Mshikeni!" Ukimwamsha anakueleza ndoto nzima, alikuwa anawafukuza wezi wa karafuu shambani. Usiku mmoja ngumi ikampata mama jichoni. Wiki nzima alitembea amejifunika mtandio upande mmoja ili majirani wasije kusema mume kampiga.

Mnajua kwetu tunavyofikiri. Waliokuwa na akili zao mwaka 1995 wanakumbuka tulivyolala nje makundi makundi kwa hofu ya popobawa. Kwa hiyo neno la kwanza nyumbani lilikuwa jini, baba akasomewa. Sina ugomvi na kisomo, baba mwenyewe kinamtuliza. Ninachojuta ni kwamba tulisoma tukaishia hapo, hatukwenda na hospitali.

Miaka kadhaa baadaye ndipo ukaja mkono. Na wala haukuanza kutetema, ulianza kuchelewa. Tukikaa kuchambua karafuu usiku, sote tunatoa makonyo, pishi ya baba haijai. Mkono wa kushoto unachambua, wa kulia umelala juu ya goti. Daftari lake la hesabu za wachumaji nimelihifadhi mpaka leo: kurasa za mwanzo hati kubwa ya mtu aliyesoma chuoni, halafu inapungua, inapungua, mpaka mwisho herufi zimekuwa kama sisimizi. Kutetema kulifuata.

Tulizunguka sana. Sehemu moja tuliambiwa ni uzee. Sehemu nyengine alikuwa na kichefuchefu, akapewa dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, na kwa siku tatu akawa gogo, hata mate hamezi vizuri. Baadaye nikaambiwa dawa ile inaizuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, isifanye kazi, na mtu wa Parkinson kinachompungukia ndiyo hiyo hiyo dopamini. Andikeni jina hilo kwenye karatasi, mlibandike kwenye faili la mgonjwa wenu.

Mwisho tukapanda boti Mkoani mpaka Unguja. Daktari alimtembeza ukumbini, akamwambia afungue na kufumba kiganja, akauliza juu ya harufu, choo kigumu na ndoto. Akatwambia: ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye chembe zinazotengeneza dopamini, chembe hizo zinakufa taratibu, na mwili unapoanza kutetema nyingi zimeshakwenda. Akamwanzishia levodopa, dawa ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Wallahi ile wiki ya pili baba alifunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe, mama akalia.

Sasa sikizeni kosa letu.

Tulipojua kuwa baba ni mgonjwa, tulimkalisha. Kila mtoto na lake: "Baba kaa, ntakuletea." "Baba usiende shamba, utaanguka." "Baba pumzika." Maji anapelekewa, viatu anavishwa, kanga ya kufutia uso anapewa mkononi. Akishakunywa chai anakaa barazani, saa tatu kichwa kishainama, analala. Adhuhuri anaamshwa, anasali kwenye kiti, anakula, analala tena. Tulikuwa tunajisifu kwamba mzee wetu anaheshimiwa.

Halafu usiku unaingia. Saa tatu yuko kitandani, saa tano macho makavu. Anataka kugeuka, hawezi. Hili sikulijua mpaka nilipoanza kulala chumbani kwake. Mtu mzima anaita jina lako gizani kwa sauti ndogo, unakwenda, anakwambia, "Nigeuze." Godoro la sponji limembonyea kiunoni kama shimo, shuka la pamba limegandana na msuli wake wa kulalia, nguvu ya dawa ya jioni imeshakatika. Unamgeuza. Baada ya saa moja anaita tena. Katikati anataka kwenda msalani, na choo kiko uani. Mara nne kwa usiku. Mara mbili alianguka penye kizingiti.

Tulikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa ajili ya kule kuanguka. Alikuwa kijana, mdogo kwangu. Hakuanza na miguu. Aliuliza, "Mchana mzee anafanya nini?" Nikajibu kwa fahari: "Hafanyi kitu, tunamhudumia." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mnamlaza mchana halafu mnataka alale tena usiku."

Tangu siku hiyo tulibadilisha mambo, na nitaeleza yaliyotufaa.

Kidonge cha asubuhi anakunywa akishasali alfajiri, tumbo tupu, na maji. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo dawa inashika, mnaiona usoni, uso unafunguka. Hapo ndipo anatoka. Zamani tulikuwa tunamtembeza wakati wowote anaopata nafasi mmoja wetu, mara nyingi dawa imeshakatika, anaburura miguu, anachoka, sote tunakata tamaa. Kutembea ni kulekule, saa ndiyo iliyokuwa siyo.

Tulianza na kutoka nyumbani mpaka mwembe wa jirani. Leo anafika barabarani na kurudi, mimi pembeni, na namhimiza atupe mikono na apige hatua ndefu kuliko anavyodhani inahitajika. Ubongo wake unampunja, anaona kapiga hatua kubwa na kumbe ni ya shibiri mbili. Jua la asubuhi nalo linampiga usoni, na daktari alisema mwanga huo ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba mchana umeingia.

Kuchambua karafuu amerudi. Hajazi pishi, na hakuna anayemhesabia. Anatumia mkono wa kulia kwa makusudi.

Kulala mchana tumempa dakika kama thelathini baada ya adhuhuri, basi. Kahawa ya barazani haipiti alasiri. Maji anakunywa mengi mchana, baada ya magharibi tunapunguza. Chupa ya mkojo iko chini ya kitanda, taa ndogo inawaka ukumbini, na akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda kwanza mpaka kichwa kitulie, maana maradhi haya yanashusha presha mtu akinyanyuka ghafla.

Na kugeuka tumemfundisha kama mtoto anavyofundishwa kuogelea, kipande kwa kipande. Anakunja magoti yote mawili, nyayo zimeshika godoro. Anageuza kichwa upande anaokwenda. Anavusha mkono wa mbali juu ya kifua. Halafu anahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu," na kwenye tatu anaangusha magoti. Mwili unafuata. Usiku wa kwanza alipofanikiwa peke yake aliniita. Nilikimbia nikidhani kaanguka. Aliniita anionyeshe.

Hajapona. Parkinson haiponi, na mtu akikuuzia dawa ya kuiponya anakuibia. Lakini kutoka kuamshwa mara sita kwa usiku tumefika mara mbili, usiku mwengine moja. Mama amerudi kulala chumba kimoja naye, kitanda mbali mbali.

Karibuni mchangie, khasa wenye wagonjwa Unguja na Pemba.

#2 BintiMakunduchi

Waalaykum salaam kaka yangu. Umeniliza. Mama yangu ana miaka sitini na kitu, hatetemi, anafanya kazi zake zote, lakini usiku anapiga makelele na mwaka jana alijirusha kitandani akavunjika kidole. Sie tumesema ni mawazo ya kufiwa na baba. Ndio kusema mama naye anaelekea huko?

#3 MwanaWaKonde

Dada, pole. Usianze kulia, na usipuuze pia.

Nilichoelezwa ni hiki. Sote tukiota, mwili unafungwa kufuli, viungo vinalegea ili tusitende tunayoyaota. Kwa watu wengine kufuli hilo linaharibika, ndoto inatoka na mikono na miguu. Madaktari wa Minnesota, Marekani, ndio walioeleza hali hii kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1986. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,280 waliothibitishwa kuwa nayo: katika miaka 12 karibu robo tatu walikuwa wamepata Parkinson au maradhi ya jamii yake, yakiwemo ya kupoteza kumbukumbu. Lakini hao walipimwa usingizini kwa mashine. Wako watu wanaopiga kelele usiku kwa sababu nyengine kabisa: dawa za sonona, kukatika pumzi usingizini, kifafa, au huzuni kama unavyosema.

Muulize mama juu ya harufu na choo. Mpeleke hospitali aeleze yote, na wewe uwepo, maana mwenyewe hajioni akiwa usingizini. Leo hii hii shusha godoro chini au sogeza kitanda ukutani, ondoa meza yenye pembe na kila cha kioo.

#4 MpembaDar

Ahsante kwa uzi, lakini mimi nina mawazo tofauti. Ami yangu ana Parkinson na umri umekwenda, miaka 81. Mtu wa umri huo mnamwamsha alfajiri mkamtembeze barabarani, mnamwambia atupe mikono kama askari? Kuna kumuuguza mzee na kuna kumtesa. Mimi naona akitaka kukaa akae. Amefanya kazi maisha yake yote.

#5 MwanaWaKonde

Ndugu yangu, hayo maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno, miaka minne iliyopita.

Nikuulize moja tu. Ami yako akiamka usiku hawezi kugeuka, anamwita nani? Na huyo anayeitwa amelala saa ngapi mwezi huu? Baba yangu alipokuwa anapumzishwa hakuwa anapumzika. Alikuwa anakakamaa. Mgongo ulipinda, magoti yakawa hayanyooki, akifika usiku kila kiungo kinauma, na maumivu hayo nayo yanamnyima usingizi. Sisi tuliona mzee katulia barazani. Yeye alikuwa amefungwa.

Miaka 81 si miaka 65, hilo nakukubalia. Ami aanze na kusimama na kukaa kwenye kiti mara tano, mtu kasimama mbele yake, wakati dawa imeshika. Muulize mwenyewe kama anataka. Sisi baba hatukuwahi kumuuliza, na tulipomuuliza alisema, "Nilidhani mmeshanihesabu nimemaliza."

#6 MnyooshaViungo

Nimefanya kazi ya mazoezi ya viungo Unguja kwa muda sasa, nichangie kidogo. Mwenye uzi ameeleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyoeleza.

Kwanza, habari ya mazoezi kwa watu wa Parkinson si nasaha tu, imepimwa. Marekani mwaka 2018 yalitoka matokeo ya watu 128 ambao maradhi yalikuwa machanga na dawa hawajaanza. Waliokimbizwa kwenye mashine mpaka moyo ukafika asilimia 80 hadi 85 ya kiwango chake cha juu, kwa miezi sita hali yao ya viungo ilibakia karibu pale pale, na wale walioachwa waendelee na maisha yao ya kawaida ilishuka. Uholanzi mwaka 2019 watu 130: nusu walipanda baiskeli isiyotembea, nyumbani kwao, mara tatu kwa wiki, na nusu wakanyoosha viungo tu. Wa baiskeli walikuwa na hali nzuri zaidi hata walipopimwa dawa ikiwa imekatika. Na kwa usingizi khasa, Alabama, matokeo ya mwaka 2020: wagonjwa walionyanyua vyuma mara tatu kwa wiki kwa wiki 16 walilala vizuri zaidi kuliko waliofundishwa kanuni za kulala peke yake, na hilo lilipimwa kwa mashine usiku kucha, si kwa kuulizwa tu.

Kwa hiyo ninapomwambia mgonjwa atoke jasho, namaanisha jasho. Kutembea kama unakwenda kuaga maiti hakutoshi kwa mtu mwenye nguvu bado. Awe anaweza kusema sentensi fupi lakini kuimba hawezi. Mwenye moyo mbovu au presha isiyotulia amuone daktari kwanza.

Hapa Zanzibar tuna neema ambayo hatuioni. Alfajiri vikundi vya mazoezi vinapita mitaani vinakimbia na kuimba, mwimbishaji anatoa sauti, wengine wanaitikia, nyayo zinagonga lami pamoja. Tarehe 1 Januari tumeifanya siku ya mazoezi ya viungo nchi nzima. Mtu wa Parkinson anafaidika na ule mdundo kuliko yeyote katika kundi. Ubongo wake umepoteza mpigaji ngoma wa ndani, ukimpa wa nje miguu inaitika. Nina mgonjwa mmoja miguu yake inanata chini kila akifika mlangoni, kama imepigwa misumari. Mkewe alikuwa anamvuta mkono, na ukimvuta mtu wa hali hiyo unamwangusha. Tukamfundisha mke asimvute, apige makofi mawili mawili na kuanza beti ya ngoma ya msewe. Mzee anaviringisha mabega, anabadilisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, na kwenye kibwagizo anavuka kizingiti.

Kama nyumba haitaki ngoma, chora mistari ya chaki sakafuni kuvuka mlango, hatua moja moja. Atakanyaga mstari hata kama hawezi kukanyaga sakafu tupu. Nimeliona mara nyingi na bado linanigusa kila mara.

Pia msidharau swala. Kusimama, kurukuu, kusujudu na kunyanyuka ni mazoezi magumu kwa mtu huyu, na ana ruhusa ya kukaa akishindwa. Ila wengine wanakalishwa kwenye kiti mapema kabla ya kushindwa, kwa sababu jamaa wanaona aibu mzee akiyumba msikitini. Mpangeni karibu na nguzo.

#7 MtuWaJangombe

Nimesikia upupu unatibu haya maradhi. Kuna kweli? Maana kwetu upupu uko tele, na hizo dawa ukizipata zinakula pesa.

#8 MnyooshaViungo

Kuna kweli ndani yake, na ndio maana ni hatari. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, ile ile iliyomo kwenye kidonge, na tabibu wa Kihindi wa asili wamezitumia tangu zamani. Tatizo ni kipimo. Mbegu ya mche huu na ya mche ule hazilingani, na hazina kile kiambato cha pili kilichomo kwenye kidonge ambacho kinaizuia dawa isiishie tumboni na kwenye damu kabla haijafika kichwani. Mtu anayekunywa vidonge akiongeza upupu kisirisiri anaweza kutapika, kushuka presha, kuona vitu visivyokuwepo, au mwili ukaanza kujipinda na kucheza wenyewe. Akitaka kujaribu chochote, daktari wake ajue.

Na kinyume chake: pesa zikiisha msimwachishe levodopa ghafla. Kukatisha ghafla kunaweza kumpandisha homa kali, akakakamaa mwili mzima, na watu wamekufa kwa hilo. Nendeni hospitali mkaseme ukweli kwamba dawa zimekwisha.

Wenye wagonjwa wanaotaka kufunga Ramadhani, hili ndilo la kuulizia mwezi mzima kabla. Mtu anayekunywa dozi nne tano kwa siku hawezi kuzihamishia usiku zote kwa kukisia.

#9 KungaKunga

Mie ndie mgonjwa. Nina miaka 52, mwanamke, naishi Bububu. Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme, kwa sababu mnatuzungumza kama tumelala chumba cha pili.

Usiku mwili unakuwa jiwe. Akili iko macho kabisa, unasikia mbu, unasikia adhana ya mbali, unaujua mkono wako uko wapi, lakini amri haifiki. Nilikuwa namwonea haya mume wangu kumwamsha, nalala upande mmoja mpaka sikio linauma. Mchana wake nasinzia. Watu wakasema mvivu. Walinitoa kwenye zamu ya kupika shughulini kwa sababu nachelewa kukuna nazi, wakadhani wananihurumia.

Kisha nikapewa dawa nyengine, si levodopa, ya kuigiza kazi ya dopamini. Siku moja nimekaa mbele ya jiko nachoma chapati. Sikusinzia, sikuona usingizi unakuja. Nilikuwa macho, halafu nikawa nasikia harufu ya kuungua na binti yangu ananitingisha. Ncha ya kanga ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye moto. Nilidhani ni mimi mzembe, nikanyamaza wiki tatu. Nilipomwambia daktari akasema dawa za jamii ile zinaweza kumwangusha mtu usingizini ghafla, akaibadilisha. Wenye wagonjwa wanaoendesha gari au vespa, waulizeni swali hilo leo, wasingoje.

Mimi naogelea. Asubuhi, maji yakiwa yamejaa, na dada yangu yupo pembeni hadi maji ya kifua, sivuki hapo. Ndani ya maji sianguki. Siku niliyoogelea nalala, siku niliyokaa silali, nimeshajijua. Na jambo moja kwa mwenye uzi: ulisema mmempa baba dakika thelathini za kulala mchana. Mpeni pia siku za kukataa. Kuna siku maradhi yanakuwa mazito bila sababu, na mtu anakuwa hana hamu na chochote. Hiyo nayo ni dalili. Siku hizo mume wangu ananiuliza, "Nusu ya njia?" na mara nyingi nusu ya njia naiweza.

#10 MwanaWaKonde

Dada yangu wa Bububu, Mungu akujaalie nguvu. Nimemsomea baba maneno yako. Pale kwenye "amri haifiki" alinyanyua mkono akasema nirudie. Kisha akasema, "Huyo anajua." Nimemwuliza juu ya siku za kukataa, akaniambia anazo, ila hasemi kwa sababu ananiona nimejipinda kwa ajili yake. Kuanzia jana ndiye anayesema tutafika wapi.

#11 MpembaDar

Nimempigia simu mtoto wa ami aliyeko Wete. Nikamwuliza lile swali lako, ami akiamka usiku anamwita nani. Kumbe haiti. Anangoja mpaka alfajiri mtu aingie kumwamsha kwa swala. Mwaka mzima. Binamu hakuwa anajua mpaka nilipomwambia amuulize.

Nitakwenda mwezi ujao inshaallah. Daktari hajamuona tangu mwaka juzi, anakunywa dozi ile ile.

#12 MnyooshaViungo

MpembaDar, mwambie daktari neno kwa neno kwamba hawezi kugeuka usiku. Mara nyingi wagonjwa wanasema "silali vizuri" na wanapewa dawa ya usingizi, ambayo inamfanya azidi kuyumba akiamka kwenda msalani. Kumbe pengine kinachotakiwa ni levodopa ya kulalia, au inayotoka polepole. Hilo ni la daktari kuamua, lakini hawezi kuamua asichoambiwa.

Na kuhusu wasiojulikana kama wako wengi: wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu zaidi ya 160,000, matokeo yakatoka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Wamekalishwa kimya kama huyo ami.

#13 BintiMakunduchi

Nimerudi. Nimemwuliza mama juu ya harufu. Akasema udi anausikia vizuri, na samaki akioza anamjua toka mlangoni. Choo kizuri. Lakini anakoroma, na dada anayelala naye anasema kuna wakati pumzi inakatika halafu anashtuka kwa kishindo. Tumepangiwa kwenda kumuona daktari Jumatatu. Godoro tumeshusha chini tayari.

Kaka wa Konde, ulisema shuka la pamba linagandana na msuli. Sasa baba analalia nini? Bibi yangu mzaa mama hawezi kugeuka kwa sababu ya nyonga, nataka nimjaribie.

#14 MwanaWaKonde

Alhamdulillah kwa hayo ya harufu. Habari ya pumzi kukatika mweleze daktari mapema, hiyo nayo ina matibabu yake.

Tumetumia satini. Si shuka zima, ukilaza mtu kwenye satini tupu atateleza mpaka chini. Mama alinunua kipande cha kiasi cha yadi moja na nusu, akakishonea juu ya shuka la pamba, kutoka mabegani mpaka chini ya makalio tu. Sehemu ya miguuni imebaki pamba ili visigino vipate pa kushika. Godoro la sponji laini tumelitoa, tumeweka gumu. Msuli wa kulalia tumebadilisha, anavaa suruali nyepesi ya satini iliyobaki kwenye kile kitambaa. Bibi yako asione haya kukaa ukingoni akipanda na akishuka, hapo panateleza, mwekee kiti kizito cha kushika.

Mwambie fundi ashone pande zote nne, na mshono uende ukingoni, usipite katikati ya mgongo. Cha kwanza mama alikiunga katikati, baba akalalamika usiku kucha kwamba kuna kamba chini yake.